Kijiko Kimeanguka Tena

Kwa miaka thelathini na mmoja mwanamke huyu aliwaunganisha watu kwa simu, na kazi hiyo ikalimeza jina lake lote. Alikaa mbele ya swichibodi ya hospitali kubwa, visikilizio kichwani, nyaya za plagi mkononi, akisema "Halo, opareta, nikusaidie?" mara nyingi kuliko alivyowahi kusema neno jingine lolote. Alipostaafu, swichibodi ilitupwa, jina likabaki. Majirani walimwita Opareta, mwenye duka alimwita Opareta, na hata mumewe, dereva wa lori aliyemwoa kwa jina alilopewa na wazazi wake, aliliacha hilo akafuata la kazini mpaka siku alipofariki, miaka tisa iliyopita.

Kwa hiyo isije ikadhaniwa hii ni habari ya bibi mjinga. Opareta alijua waya unaingia wapi na unatokea wapi. Alijua pia sauti za watu. Daktari akipiga mara moja tu mwezi wa kwanza, mwezi wa kumi na mbili angemtambua kabla hajamaliza kusema halo. Ndiyo maana ilimuuma sana kwamba siku alipozihitaji akili zake zote hizo, alizikuta zimekwenda matembezini.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, saa ambayo mtaa mzima uko kazini na shuleni. Wanaume wawili waligonga geti. Walikuwa na daftari, kalamu, na mashati ya bluu yanayofanana. Wasoma mita ya maji, walisema. Mmoja wao, mwenye sauti laini yenye mkwaruzo kidogo mwishoni mwa maneno, alimwamkia vizuri, akaulizia afya, akayasifu maua yake. Kisha akauliza, kalamu ikiwa tayari juu ya daftari, "Mnaishi wangapi humu, bibi? Tunaandika idadi ya watumiaji."

"Niko peke yangu," alijibu Opareta.

Alijibu kwa ile sauti yake ya kazini, wazi, bila kumeza hata herufi moja. Yule mtu akaandika kweli kwenye daftari, maana alikuwa na adabu zake. Dakika tano baadaye Opareta alikuwa ameketishwa kwenye kiti cha jikoni, ameambiwa asisimame, na vitu vyake vinapita mbele yake kuelekea getini: televisheni, pasi, simu yake ya mkononi, saa ya ukutani. Hawakumpiga. Hawakumtukana. Mwenye sauti laini alipokuwa anatoka aligeuka mlangoni na kusema, kwa upole wa mtu anayeahidi kurudisha sufuria ya kuazima, "Friji na ile redio kubwa tutavifuata siku nyingine, bibi. Leo gari limejaa."

Kituoni askari aliandika yote kwenye kitabu kinene. Alimuuliza mara tatu kama anaishi peke yake, na kila mara Opareta alijibu kwa sauti ndogo zaidi. Akaambiwa atajulishwa. Hajajulishwa.

Binti yake hakumwambia. Binti huyo, mtoto wake wa pekee, ni muuguzi katika mji mwingine, mwendo wa saa sita kwa basi, na tangu baba yake afariki alikuwa na wimbo mmoja tu: mama, funga nyumba uje ukae na sisi. Opareta aliwahi kwenda kukaa wiki tatu. Alipewa chumba kizuri chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani, akawa anaulizwa kila baada ya saa moja kama amekunywa dawa. Nyumba yake mwenyewe ilijengwa kidogo kidogo, tofali la lori na tofali la swichibodi, na alikusudia kutolewa humo akiwa amebebwa. Akimwambia binti habari ya wasoma mita, kesho yake mizigo iko barabarani. Basi alinunua simu nyingine, akasema ile ya zamani ilitumbukia kwenye ndoo ya kudekia.

Lakini woga haudanganyiki na ndoo. Ulihamia kabisa, ukachagua mahali pa kukaa, ukakaa. Gari dogo likipunguza mwendo nje, anaacha alichokuwa akifanya na kusikiliza. Geti likiguswa na upepo, anakwenda kulitazama komeo. Kila ikikaribia saa nne asubuhi alijikuta amesimama katikati ya sebule bila kujua anachosubiri, kisha anajua. Tutavifuata siku nyingine. Siku gani? Mtu aliyekuambia anakuja na asiseme siku amekupa siku zote.

Wazo lilimjia Jumapili moja, kwa jirani yake mshonaji. Alikuwa amekwenda kuchukua gauni, akawa amesimama nje ya mlango anavua viatu, na kabla hajamwona mtu yeyote alikwisha kuijua nyumba nzima kwa masikio: mtu anaosha vyombo jikoni, mtu anakohoa chumbani, mtu anagongagonga kitu uani. Akasimama na kiatu kimoja mkononi. Wale watu, aliwaza, walikuja na swali moja tu. Walitaka idadi.

Idadi inaweza kutengenezwa.

Sasa, kompyuta. Opareta alikuwa na kompyuta ya mezani aliyoachiwa na mkwewe, ile ya sanduku kubwa, na ilinusurika wizi kwa sababu moja ya kuchekesha: ilikuwa kwa fundi. Fundi mwenyewe mtaa ulimwita Fundi Kesho, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Kompyuta ilipelekwa kwake kubadilishwa feni, na kwa miezi mitatu feni ilikuwa ya kesho. Angekuwa fundi mwenye kutimiza ahadi, wezi wangeibeba. Opareta alipofika dukani kwake na kumwambia haya, Fundi Kesho, mwanaume mnene wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa solatepu, alijivuna kana kwamba alipanga.

"Umeona, mama? Mimi sichelewi bila sababu."

"Leo utawahi," alisema Opareta. Akamweleza kila kitu, yeye wa kwanza na wa pekee, kwa sababu mtu hawezi kuomba waya bila kusema wa nini. Anataka kompyuta itoe sauti kwenye ile redio kubwa ya marehemu. Si sauti moja. Anataka vyombo vioshwe jikoni, redio izungumze sebuleni, nyundo igongwe stoo, na mwanaume awe chumbani. Kwa wakati mmoja.

Fundi Kesho alivua miwani. "Hiyo ni saraundi, mama. Sauti ya kukuzunguka. Watu wanaiweka waangalie filamu."

"Mimi nitaiweka nilale."

Feni ilifungwa siku hiyo hiyo. Nyuma ya sanduku la kompyuta Opareta alikuta matundu madogo ya rangi: la kijani, jeusi, la chungwa. Moyo wake ulitulia kidogo kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu, maana hapo alikuwa nyumbani. Fundi alimweleza kwamba tundu la kijani linatoa sauti za mbele, kushoto na kulia, na jeusi linatoa sauti za nyuma, kushoto na kulia. Nne jumla, zinamtosha. La chungwa aliache. Alikwenda nyumbani na nyaya mbili na kufanya kazi mwenyewe, maana hakupenda mtu amshikie plagi.

Alifanya kosa la opareta. Redio ya marehemu mgongoni ilikuwa na jozi nyingi za matundu mekundu na meupe: ya kaseti, ya santuri, ya kifaa kingine. Akasema, vizuri, njia zipo. Akachomeka waya wa kijani kwenye jozi ya kwanza na mweusi kwenye ya pili, kama alivyokuwa akimchomeka daktari huku na mgonjwa kule, wote wakiongea pamoja bila kugombana. Akabonyeza. Zikasikika sauti za mbele. Akageuza swichi ya redio, zikasikika za nyuma, na za mbele zikafa. Akageuza tena. Watu wa mbele wakirudi, wa nyuma wanaondoka. Redio ilikuwa na milango mingi lakini ilimkaribisha mgeni mmoja kwa wakati.

Akajikaza kisabuni. Akaziunganisha nyaya zote mbili kwa kigawanyio, zikaingia tundu moja, na hapo watu wote wakatoka kwa pamoja, ndiyo, lakini wamerundikana: nyundo inagongwa ndani ya sinki, vyombo vinaoshwa kwenye kochi, kikohozi kinatoka kila mahali kama nyumba imepata kifua. Angecheka kama wakati ule ule pikipiki isingesimama nje. Alizima kila kitu akaketi sakafuni nyuma ya meza, mikono imefunika mdomo, mpaka pikipiki ilipoondoka.

"Redio hiyo ina masikio mawili, mama," Fundi Kesho alimwambia. "Wewe unaiambia mambo manne. Inabidi ziwe redio mbili."

Akamwazima redio kubwa ya pili, iliyokuwa imeachwa dukani kwake na mwenye baa aliyehama mji. Wakagawana kazi. Redio ya marehemu ilikaa sebuleni na kuchukua waya wa kijani: spika ya kushoto sebuleni, ya kulia jikoni. Redio ya baa ilikaa chumbani na kuchukua waya mweusi: spika ya kushoto hapo hapo juu ya kabati, ya kulia stoo. Nyaya zilipita chini ya zulia na nyuma ya makabati, na Opareta alizibandika karatasi kila moja na jina lake, kama alivyozoea. Kisha ikabidi kompyuta yenyewe iambiwe kwamba ina spika nne, kwa sababu yenyewe ilikuwa imejikalia na imani ya mbili. Kulikuwa na kitufe cha kujaribia. Ukikibonyeza, mvumo kama wa mvua nyembamba unapita spika moja baada ya nyingine.

Opareta alikibonyeza mwenyewe, kwa kidole chake. Sebuleni, mvumo. Jikoni, mvumo. Kisha mvumo ukatokea stoo, nyuma yake, kule alikojua hakuna mtu, na nywele zikamsisimka hadi shingoni. Aligeuka kwa nguvu akaangusha kiti. Alikuwa amevuta waya ule kwa mikono yake, na bado alikwenda kuchungulia stoo. Ndipo alipojua kwamba kitu hiki kitafaa.

Sauti walizirekodi kwa siku mbili. Vyombo aliosha yeye, na karibu na mwisho kijiko kilimponyoka kikalia sakafuni. Fundi Kesho akasema kiachwe, kinaleta uhalisia. Sebuleni waliweka maongezi ya mshonaji na dada yake, ambao hawakuambiwa sababu na waliongea kupita kiasi. Nyundo alipiga fundi. Tatizo likawa mwanaume wa chumbani. Fundi Kesho alikohoa mara saba mbele ya kinasa sauti, na mara zote saba alikohoa kama mtu anayeomba radhi.

"Huyo haogopeshi hata panya," alisema Opareta.

Akafungua droo ya chini ya meza ya redio akatoa kaseti moja isiyo na kasha. Mumewe aliponunua redio ile, miaka zaidi ya ishirini nyuma, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kujirekodi. Alikaa hapo sebuleni, kipaza sauti mdomoni, akamwita mkewe aliyekuwa jikoni. Opareta alijua kila neno lililomo. Tangu mazishi hakuwahi kuisikiliza. Ilikuwa ikikaa kwenye droo, naye alikuwa akipita karibu na droo, wakaelewana hivyo.

"Chukua sauti iliyomo humu," alimwambia fundi. "Usiicheze nikiwa hapa. Peleka dukani."

Fundi Kesho aliipeleka, na kwa mara ya pili maishani akawahi. Alirudi na faili moja lenye njia zake nne, dakika moja na nusu, likifika mwisho linaanza upya bila kukata. Walijaribu. Maongezi sebuleni, vyombo jikoni, nyundo stoo, safi kabisa. Kabla fundi hajabonyeza, Opareta alikuwa ameingia chumbani na kuzungusha swichi ya spika ya juu ya kabati mpaka mwisho, kushoto, sifuri. Redio ile ya baa ilikuwa na swichi mbili za sauti, moja kwa kila spika.

"Na ya chumbani?" aliuliza fundi.

"Ya chumbani naijua," alisema Opareta. "Nitaifungua ikihitajika."

Alikuwa anaogopa wezi, hilo kila msikilizaji amekwisha kulijua. Lakini aliogopa pia kumsikia mumewe anamwita kutoka chumbani na kwenda kuchungulia na kukuta kabati. Kati ya woga huo na ule, hakujua upi ungemvunja kwanza. Kwa hiyo akaiacha sifuri, akajiambia kesho. Hata yeye sasa alikuwa mtu wa kesho.

Wiki mbili zikapita. Walikuja Alhamisi, saa nne na robo.

Geti liligongwa mara tatu, taratibu. "Hodi, bibi. Mita ya maji."

Ule mkwaruzo mwishoni mwa maneno. Hakuhitaji kuchungulia. Alikuwa sebuleni na kikombe mkononi. Alikiweka chini. Alifika kwenye kompyuta bila kuhisi sakafu, akabonyeza, na nyumba ikajaa watu. Mshonaji na dada yake wakaanza kusengenya. Vyombo vikaanza. Nyundo ikaanza.

Alitoka hadi barazani, hatua kumi kutoka getini. Kupitia upenyo wa geti aliona mashati mawili ya bluu, na nyuma yao lile gari dogo. Safari hii lilikuwa tupu.

"Mlisoma mwezi uliopita," alisema. "Hamna haja."

"Ni kukagua tu, bibi. Hatukawii." "Una wageni leo?"

"Watu wa nyumbani."

"Ulisema uko peke yako."

"Siku ile. Leo wapo." Sauti yake ya kazini ilikuja, asante miaka thelathini na mmoja, na ilikuwa imetulia kuliko yeye. "Wadogo zangu wamekuja. Na fundi yupo nyuma."

Yule mwingine, ambaye siku ya kwanza hakusema kitu, alinong'ona jambo. Kilisikika kicheko kidogo. Mwenye sauti laini akaegemea geti, kama mtu mwenye muda wote duniani, akasikiliza. Jikoni kijiko kilianguka, kikalia sakafuni.

"Hao wadogo zako mbona hawatoki kutuamkia?"

"Wana kazi."

"Tuwasaidie kazi." Komeo la geti likagusika, likalia kidogo, likaachwa. "Unajua, bibi, sisi tunasikiliza sana. Kazi yetu ni kama ile yako ya zamani, mtaa mzima unaijua. Tunasikiliza kwanza."

Opareta alisikiliza naye. Alisikia mshonaji akifika kwenye ile habari ya shemeji yake, akaisimulia upya kutoka mwanzo, neno kwa neno. Alisikia maji ya sinki yakifunguliwa. Alijua kinachofuata, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliomba sauti isifike.

Jikoni kijiko kilianguka, kikalia sakafuni.

"Kijiko kimeanguka tena," alisema yule mtu kwa upole. "Hiyo ni redio, bibi. Fungua tu, tusichoshane."

Komeo likaanza kusogea. Lilikuwa gumu, lilihitaji kusukumwa na kuinuliwa kwa pamoja, na aliyekuwa upande wa pili alikuwa anajifunza namna yake. Opareta alijisikia akisema, "Ngoja nimwite mwenye nyumba," na akageuka, hakukimbia, kwa sababu akikimbia wangejua. Alitembea barazani, akatembea sebuleni, akaingia chumbani. Swichi ilikuwa baridi. Vidole vyake havikumtii vizuri. Aliizungusha kulia, na badala ya kwenda nusu ikaenda mpaka mwisho.

Hakikutoka kitu. Kulikuwa na mchakacho wa kaseti kuukuu, mkubwa, unajaza chumba. Alikuwa amesahau. Kwenye kaseti ile mumewe alichelewa kuanza. Alikuwa anatafuta kitufe. Nje komeo lililia kwa chuma, likaachia. Geti lilifunguka. Hatua za viatu viwili, kisha vinne, kwenye changarawe. Opareta alisimama kati ya kitanda na kabati, mgongo ukutani.

"HALO," ilisema sauti ya mumewe.

Vioo vya dirisha vilitikisika. Ilikuwa sauti ya dereva wa lori, nzito, iliyozoea kuzungumza juu ya injini.

"Halo, halo. Opareta! Kuna nini huko? Unanisikia?"

Viatu kwenye changarawe vilisimama.

"Mbona hunijibu? Haya. Nakuja mwenyewe."

Kisha kiti kikaburuzwa, kwa sauti hiyo kubwa kikaburuzwa kama meza nzima, na mtu mzito akasimama, akakohoa kikohozi chake cha sigara, na hatua zikaanza, moja, mbili, tatu. Nje walitoka nduki. Alisikia geti likigonga ukuta, mlango wa gari, mlango mwingine, injini ikilia kabla haijapewa gia. Gari lilipiga kona ya chini ya mtaa likanyamaza.

Opareta alikunja magoti akakaa hapo hapo alipo.

Hakwenda kufunga geti. Hakuzima kitu. Angezima vipi? Kila alipofikiria kunyoosha mkono kwenye swichi aliwaona wamesimama kwenye kona, wanasikiliza kwanza, wanasubiri nyumba inyamaze. Kwa hiyo watu wake wanne waliendelea. Mshonaji alisengenya, kijiko kilianguka, nyundo ikagongwa, na kila dakika moja na nusu mumewe alimwita kutoka juu ya kabati kwa sauti ya kuamsha mtaa, akamuuliza kama anamsikia, akalalamika hajibiwi, akainuka kuja. Hatua tatu. Hakufika. Alianza upya. Mara kumi, mara ishirini. Opareta aliziba masikio, na hilo lilimtisha zaidi kwa sababu hakusikia nje. Akayazibua. Jua lilihama kutoka kitandani hadi sakafuni.

Saa saba simu ililia mfukoni mwa gauni. Ulikuwa wakati wa mapumziko ya binti yake, ambaye hupiga kila siku saa hiyo, dakika ile ile. Opareta alifuta uso, akajisafisha koo, akatafuta sauti yake ya kazini.

"Halo, mama," alisema binti. "Umekula?"

"Nimekula, mwanangu. Wewe je? Kazi?"

"Kazi ipo. Kelele gani hizo, mama, una wageni?"

"Mshonaji amekuja na..."

"HALO," alisema mumewe. "Halo, halo. Opareta! Kuna nini huko? Unanisikia?"

Upande wa pili hapakuwa na kitu. Opareta alijua namna zote za ukimya wa simu: wa laini iliyokatika, wa mtu aliyeweka simu mezani, wa mtu aliyeziba kwa kiganja. Huu ulikuwa wa mtu aliyeacha kupumua.

"Mbona hunijibu? Haya. Nakuja mwenyewe."

"Mama," alisema binti yake, kwa sauti ambayo Opareta hakuwa ameisikia tangu mtoto huyo alipokuwa na miaka sita na homa. "Mama, huyo ni baba. Uko na nani hapo?"

Alikuwa na majibu mengi tayari. Kaseti, fundi anajaribu redio, nilikuwa nasafisha droo. Aliyafungua mdomoni moja moja, kama plagi zisizopata tundu. Jikoni kijiko kilianguka.

"Niko peke yangu," alisema.

Na aliposikia maneno hayo yanatoka, yale yale aliyompa mtu mwenye daftari, bila ile sauti ya kazini safari hii, na herufi zote zimegongana, alishindwa kuyazuia mengine. Alisema Jumanne ile. Alisema mashati ya bluu, kiti cha jikoni, friji. Alisema hakuna ndoo iliyomeza simu. Alisema wamerudi leo na geti liko wazi na hawezi kwenda kulifunga. "Naogopa, mwanangu," alisema. "Naogopa tangu siku ile. Naogopa hata sasa."

Binti alilia, kisha akaacha, kwa sababu ni muuguzi. Akasema anampigia mshonaji atoke kazini sasa hivi aje kukaa naye, na anampigia askari, na yeye mwenyewe anapanda basi la saa nane. "Nakuja kukuchukua, mama. Usiniambie habari ya nyumba."

Hilo ndilo neno alilolikimbia kwa miaka tisa. Aliitazama swichi, na kabati, na waya wenye karatasi yake ndogo iliyoandikwa kwa mkono wake, *chumbani*.

"Njoo kwanza," alisema.

"Usikate simu, mama. Nitatumia ya mwenzangu kuwapigia. Niachie laini wazi, hata kama husemi."

Opareta, ambaye kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa wa kwanza kujitoa kwenye laini ili wengine waongee, aliiweka simu sikioni akaishika kwa mikono miwili. Juu ya kabati mumewe alimwita tena, akamuuliza kama anamsikia.

"Nakusikia," alisema Opareta.

"Nini, mama?" aliuliza binti.

"Namjibu baba yako," alisema, na akanyoosha mkono akapunguza sauti, kidogo tu, isije ikamzuia kusikia geti.